Matofali ya Mlango Uliozibwa

Magharibi ilikuwa inaingia Khelef alipokwenda kuufunika ukuta. Kazi ndogo tu: alowanishe magunia, ayatundike juu ya udongo mbichi usije ukapasuka kwa joto la mji wa Manah, kisha arudi kula.

Kwa kujisifu, Khelef hana mpinzani. Mafundi walimwambia nyumba ya mababu, kongwe ya karne na karne, inataka subira. Akawacheka. "Udongo ni udongo, ya akhi, ndugu yangu. Mikono hii itaisimamisha."

Na akaisimamisha. Akapandisha vigogo vya mtende, akakanyaga tope na majani makavu mpaka likachacha. Udongo ulipopunguka, akafanya wafanyavyo wazee: matofali ya zamani akayaloweka, yakarudi tope, akayapaka upya. Ila aliyatoa pabaya. Alibomoa mlango wa chumba cha nyuma, uliozibwa zamani.

Bibi yake, Bi Ghaniya, alikwisha kumkataza. "Mle tulimziba kaka yangu Othman. Kwanza tulimzika, tukamlilia. Mwaka haukwisha, akarudi kwa miguu yake. Hali, hasemi. Wachawi walimchukua mzima, sisi tukazika mfano wake."

"Mbona nimebomoa na hamna kitu, bibi? Hata panya," alimwambia baadaye.

Bi Ghaniya akaitazama mikono yake yenye tope. "Na matofali umeyapeleka wapi?"

"Ukutani, sebuleni. Yamependeza."

Sasa alikuwa sebuleni humo, gunia mkononi. Tope lilinuka. Si uchachu ule aliouzoea… harufu ya mtu aliyelala muda mrefu.

Pa. Pa.

Kama kiganja kinachopaka udongo. Akageuka. Hapana mtu.

Ukutani palijaa alama za viganja. Zake, akajisemea, fundi gani hapaki kwa mikono? Akasogea. Alama za fundi huzama ndani ya udongo.

Hizi zilitokeza nje.

"Usinichezee," alinong'ona, na ili ajioneshe mwanamume, akaweka kiganja chake juu ya kimojawapo.

Kilikuwa na joto.

Kikamshika.

Ukuta ukammeza mpaka kwapani. Akavuta, akavuta, akamtaja Mungu… ukamwachia. Kwa urahisi mno. Kama mtu aliyekwisha pata alichotaka.

Alikimbia mpaka nyumbani alikoishi na bibi yake, tope tupu mwili mzima. Akagonga mlango.

"Nani?" Sauti ya Bi Ghaniya.

"Mimi, bibi. Khelef. Nifungulie."

Bibi hakufungua.

"Khelef yumo ndani," alisema pole pole. "Anakula."

Kule ndani mtu akacheka. Kicheko cha Khelef mwenyewe, kile kile cha kebehi. "Nani huyo, bibi? Mwambie aende zake."

Khelef akajibandika mlangoni. "Bibi, wallahi ni mimi. Mtazame vizuri huyo. Mtazame."

Akasikia pumzi za bibi yake karibu kabisa, upande wa pili wa ubao. Alikuwa analia.

"Kaka Othman," alinong'ona, "nakuomba. Safari hii usirudi."

Komeo likaingia.