Mdundo wa Saa Nne na Nusu

Twalibu alikutwa ameinama kwenye buti la gari lake, kiwiliwili ndani, miguu nje. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Jiwe lenye damu lilikuwa hatua mbili kutoka gurudumu la nyuma, na aliyelitumia hakuhangaika hata kulificha.

Inspekta Magreth alichuchumaa, akatazama, akasimama. Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana, kwenye kijia cha kuingilia shamba la mikarafuu, kilomita tatu kutoka Mkuyuni ukielekea Matombo. Mama mmoja aliyekwenda kukata majani ya mbuzi ndiye aliyeiona maiti.

"Wizi, afande," alisema Sajini Abel wa kituo cha Mkuyuni. "Sabufa haipo."

"Sabufa gani?"

Abel alimtazama kama mtu aliyeulizwa milima iko wapi. Nani huku hakuijua ile Harrier nyeusi? Twalibu aliishi kwa kuongoza misafara ya harusi. Mwezi wa tatu aliitoa sabufa iliyokuja na gari kutoka kiwandani, ile ndogo ya inchi nane inayofichwa ubavuni mwa buti, akafungiwa ya inchi kumi na mbili, na amplifaya yake, na waya mnene uliotoka moja kwa moja kwenye betri. Tangu hapo watu walimsikia kabla hawajamwona. Mabati yalitetemeka, kuku walikimbia. Vijana wakalipa gari jina la Radi, wazee wakalilaani.

"Nani alimfungia?"

"Evance, fundi wa Msamvu, mjini. Mtu wa kuja yule."

Hilo la mtu wa kuja Magreth alilisikia, akalinyamazia. Yeye mwenyewe alitokea Njombe.

Kabla jua halijazama Evance alikuwa mahabusu. Sabufa ya inchi kumi na mbili ilikutwa chini ya meza yake ya kazi, imefungwa kwa turubai, juu yake utepe mweupe wenye jina TWALIBU. Abel alifurahi sana. Kidhibiti kimejileta chenyewe, atake nini tena?

Asubuhi iliyofuata vijana kutoka Matombo walifika Msamvu na kuvunja mlango wa karakana. Mkuu wa Upelelezi alipiga simu mara mbili: jalada liwe tayari Jumatatu, mtu apandishwe kizimbani kwa mauaji, mji utulie. Magreth alimtoa Evance mahabusu, akamkalisha.

"Sabufa ya marehemu ilifikaje kwako?"

"Aliileta mwenyewe. Jana, saa kumi na mbili asubuhi."

"Kufanya nini?"

"Niitoe. Nimrudishie ile ya kiwandani."

"Mtu anafunga mziki mnene, watu wanamwita kwenye harusi kwa ajili ya mziki huo, halafu aje autoe?"

"Alisema ataifunga siku za harusi tu. Jumamosi kwa Jumamosi."

"Kwa nini?"

Evance alieleza. Magreth aliandika yote, neno kwa neno.

"Aliondoka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Afande, nimewatengenezea watu wa Matombo redio miaka tisa. Jana nilipokamatwa wamenitemea mate. Hata aliyenisimamia kwenye ndoa yangu alikuwepo."

Hakulia, ila alikuwa amevunjika moyo kabisa, na hilo halihitaji machozi.

Gari lilikuwa limevutwa hadi uani mwa kituo. Magreth alifungua boneti. Waya mnene haukuwepo kwenye betri, na kishikio kilikuwa kimekazwa upya. Akaenda nyuma, akabandua zulia la buti. Sabufa ndogo ilikuwa mahali pake, skrubu zote zimerudi, mpira wake umekaa sawasawa.

"Abel, hebu hesabu hizo skrubu."

"Nane, afande."

"Mwizi gani anamvunja mtu kichwa, halafu anatulia, anafunga spika nyingine, anakaza skrubu nane, anatandika na zulia? Tena maiti imelala juu ya zulia hilohilo."

Abel alijikuna shingo. "Labda alifunga kwanza, akaua baadaye."

"Sasa unaanza kuelewa. Alifunga kwanza. Swali ni wapi."

Jibu lilikuwa karibu kuliko walivyodhani. Ubavuni mwa karakana ya Evance alikuwepo Shakila, mama lishe, na mlango uliovunjwa ulikuwa umeangukia benchi lake.

"Twalibu? Alikunywa chai hapa jana, na chapati mbili, akimsubiri Evance afunge. Aliondoka gari limenyamaza mpaka nikamtania, nikamwambia Radi imepigwa na radi."

"Na Evance?"

"Alikuwa hapahapa mpaka adhuhuri. Kula kwangu, kazi kwake."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Abel alitazama viatu vyake. Haya, wacha atazame.

Ndipo Magreth alipofungua tena maelezo ya mashahidi wa Mkuyuni. Daktari alikuwa amesema Twalibu alikufa kati ya saa mbili na nusu na saa tano. Mashahidi watatu walisema saa nne na nusu walisikia mdundo wa gari lake likipita sokoni kuelekea Matombo. Kwa hiyo aliuawa baada ya hapo. Kila kitu kwenye jalada kilijengwa juu ya mdundo huo.

Alimkuta shahidi wa kwanza, Mosi, nyuma ya mikungu yake ya ndizi.

"Wewe mwenyewe uliusikia?"

"Niliusikia."

"Wimbo gani?"

"Soko lina kelele, afande. Mzee Kibwana alisema, mnamsikia mpwa wangu huyo anapita? Tukasema ee, tunamsikia. Si anapita kila siku?"

"Mosi. Uliusikia?"

"Mtu mzima akisema amesikia, wewe utamwambia hakusikia?"

Wa pili alijibu hivyohivyo, na wa tatu alikuwa Kibwana mwenyewe. Watu wazima wawili wenye masikio yao waliapa kusikia kitu ambacho hakikuwepo, kwa adabu tu. Na wote wawili walikubaliana juu ya jambo moja jingine: Mzee Kibwana alifika sokoni saa nne kasoro robo, hakuonekana kabla ya hapo.

Kibwana alikuwa kaka mkubwa wa Pili, mama yake Twalibu. Baba wa mtoto alipoondoka hakurudi, na Kibwana ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha kuendesha gari. Waliishi nyumba jirani huko Matombo, na lile shamba la mikarafuu lilikuwa chini ya Kibwana. Aliitikia wito wa polisi akiwa amevaa kanzu safi na kofia, maana alikuwa ametoka kusimamia taratibu za msiba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmemfikisha wapi huyo fundi?"

"Tutafika kwake. Nikumbushe ya Alhamisi. Saa nne na nusu ulikuwa wapi?"

"Sokoni Mkuyuni. Twalibu alipita na ngurumo zake. Nilimwambia mara ngapi! Moyo wangu una presha, gari lile likipita kifua kinaruka."

"Una hakika ulimsikia?"

"Mkungu ulitikisika kwenye mzani."

Magreth alimsomea onyo: ana haki ya kunyamaza, na atakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Kibwana akacheka kidogo.

"Onyo la nini, mwanangu?"

"Mzee, gari lile halikuwa na besi. Sabufa ilitolewa alfajiri mjini. Ilibaki ya kiwandani, ambayo ukifunga vioo hata aliye nje haisikii. Twalibu alipita Mkuyuni karibu na saa tatu, na hakuna aliyegeuza shingo, kwa sababu huku gari lake mnalijua kwa mdundo. Wewe ulisikia nini?"

Kicheko kilikwisha. Kibwana alivua kofia, akaivaa tena.

"Labda lilikuwa gari jingine."

"Mkungu ulitikisika kwenye mzani."

"Mimi mzee. Nasahau."

"Hukusahau. Ulidhani. Ulijua gari lile haliwezi kupita kimya, na ulijua hakuna sokoni atakayekukatalia. Ulihitaji awe hai saa nne na nusu, kwa sababu saa tatu hukuwa sokoni. Ulikuwa shambani."

Mzee aliivua kofia tena, safari hii akaiweka mezani.

"Hata aliponifikia mziki ulikuwa umezimwa," Kibwana alisema mwishowe, sauti chini. "Sikushangaa. Akikutana na mimi huwa anazima ili anisalimie. Nilimfundisha mwenyewe, ukimkuta mkubwa unazima mziki."

"Alikufanya nini, mzee?"

"Hakunifanya kitu."

"Basi kwa nini?"

"Wewe si Mluguru, hutaelewa. Kwetu ardhi inafuata tumbo la mama. Shamba lile ni la ukoo, nimelishika tu. Nikifa ni la Twalibu, mtoto wa dada yangu. Wanangu ni wa ukoo wa mama yao. Mikarafuu ile tumeipanda pamoja, mimi na wao, tumebeba miche mgongoni kutoka bondeni. Nikifumba macho wanatoka na majembe yao mkononi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda ofisi ya kijiji, nikaandikisha hati ya kimila ya shamba kwa majina yao. Kimyakimya. Jumanne Twalibu akaiona. Kikao cha ukoo ni kesho Jumamosi. Nilimwomba tukutane shambani tuyamalize. Nikamsihi asimwambie mama yake. Akasema hawezi kumficha mama."

"Mkagombana?"

"Angegombana, afadhali!" Kibwana aligonga meza kwa kiganja. "Angenitukana, ningepata pa kushika. Akasema, hayo tutayaongea mbele ya ukoo, mjomba, hatutakosa njia. Njoo kwanza nikuonyeshe kitu. Akafungua buti, akainama. Nikaona kikao chote pale, nimesimama mbele ya dada yangu, kila mtu ananiita mwizi. Jiwe lilikuwa miguuni. Sijui nililiokotaje."

"Alitaka kukuonyesha nini?"

"Sijui. Sikungoja."

Magreth alivuta karatasi ya maelezo ya Evance. Angeweza kuiacha kwenye jalada, mzee akaisikie mahakamani. Lakini alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuificha.

"Haya ni maneno ya fundi. 'Nilimuuliza kwa nini unautoa mziki mzuri hivi. Akasema mjomba wangu presha inapanda, amenilea, siwezi kumuua kwa makelele. Nataka nimfanyie ghafla, nimfungulie buti aone mwenyewe kwamba nimetoa.'"

Alirudisha karatasi mezani. "Ulikuwa mbele ya zulia tu, mzee. Angelibandua ungeona."

Kibwana aliinamia magoti yake. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kusema wala ya kulia, na Abel, aliyekuwa akiandika, alisimamisha kalamu. Mzee aliomba asomewe tena. Magreth alikataa. Akamsogezea maelezo yake ya onyo, mzee akaweka sahihi kila ukurasa.

Evance aliachiwa alasiri hiyo. Abel alimwomba radhi mlangoni, na Evance akamjibu kwamba amesikia, basi.

Kibwana alipotolewa kupelekwa mahabusu, Pili alikuwa kwenye benchi la mapokezi. Alikuwa ameletwa kuchukua kibali cha kuzika, na Magreth alikuwa amekwisha kumweleza kila kitu, kwa sababu hakutaka asikie sokoni. Kwa mila yao mjomba ndiye anayesimama mbele ya kaburi la mpwa. Jeneza lilikuwa likimsubiri Kibwana huyohuyo.

Pili alimwona kaka yake na pingu. Aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akapiga goti kidogo kama alivyofanya tangu utotoni kila asubuhi.

"Shikamoo, kaka."

Askari wawili walisimama. Abel akageuza uso. Pili alibaki na goti lake limepinda, akingoja ajibiwe, na Kibwana alifungua mdomo mara mbili, lakini marahaba haikutoka.