Mwavita wa Delft

Hamadi alisema "tulipanda" mara tatu kabla Mwavita hajasimamisha mchi. Alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni, na mumewe, aliyeshuka kwenye treni jana yake, alikuwa akimsimulia mji wa Delft, huko Uholanzi.

"Tulipanda mnara wa kanisa, ngazi zaidi ya mia tatu. Tukatazama mifereji yote chini. Halafu tukaucheka mnara ule mwingine, uliolala upande juu ya maji kama mlevi anayetafuta kiatu."

"Wewe na nani?"

Hamadi akacheka. "Na nani tena? Mimi na wewe."

Mwavita hakuwa amekwenda popote. Mwaliko ulitoka kwa Bulaimu, mjukuu wa ndugu yake babu yake Hamadi, aliyeoa mwuguzi wa Kiholanzi akapotelea huko kwa raha zake, na mwaliko huo ulikuwa na majina mawili, la mume na la mke. Lakini kutoka Zaire kulitaka ruhusa, ruhusa ikataka cheti cha tabia njema, cheti kikataka kadi ya chama, kadi ikataka picha, na mpiga picha alikuwa ameishiwa karatasi. Yote hayo yalipokamilika, sitwayeni Okito wa ofisi ya vibali (yaani raia; enzi hizo neno "bwana" lilipigwa marufuku, ingawa mabwana wenyewe walibaki) aligonga muhuri kwa Hamadi peke yake.

"Bibi anabaki," alisema. "Bibi njo dhamana kwamba bwana atarudi."

Basi Mwavita akabaki dhamana, kama baiskeli. Wivu ukamla. Hakujua aanze kuonea wivu kipi: mifereji, au wanawake wanaoivuka magoti wazi. Akaenda mtaa wa Mikelenge kwa Maalim Zuberi kuomba jini wa kumchunga mumewe safarini. Desturi ilijulikana: jini mlinzi huvikwa nguo ya mtu aliyekwisha kufa, asije akamzoea aliye hai. Mwavita akapeleka kikwembe chake cha harusi, bado kina jasho la asubuhi.

"Mama, hii nguo iko na mwenyewe," Maalim alisema.

"Njo maana nimeileta. Bwana yangu akigeuka, anione mimi."

Sasa alikuwa ameonekana.

Alasiri ile ile kengele zikaanza. Kengele ndogo ndogo, nyingi, zikipandana kila robo saa, katika mtaa usio na kanisa hata moja. Nyumba ikanuka matofali mabichi na maji ya baridi yaliyosimama, na jua la kiangazi lilikuwa likipasua ardhi nje. Sakafuni, kutoka mlangoni hadi upande wa kitanda anaolala Mwavita, kulikuwa na nyayo za maji. Akaweka mguu wake juu ya unyayo mmoja. Ukaenea sawasawa.

Hamadi akaleta picha alizopigwa na Bulaimu. Katika kila picha alikuwa darajani, akitabasamu, mkono umekunjwa kuzunguka kiuno cha mtu asiyekuwepo.

"Umetoka vizuri," alimwambia mkewe, kwa upole ambao Mwavita hakuusikia tangu mwaka wa harusi. "Kule ulikuwa mchangamfu, bibi. Tangu turudi umekuwa mukali tena."

Mwavita alichukua pasipoti ya mumewe, akakimbia kwa Okito. Ndani, chini ya kila muhuri wa kutoka na wa kuingia, mkono wa karani fulani ulikuwa umeandika: *pamoja na mkewe*.

"Sitwayeni, si ni weye ulinikatalia?"

"Ningekukatalia kungekuwa na barua ya kukatalia. Uko nayo?" Hakuwa nayo. Okito akarekebisha kola ya abakosti yake, lile koti la serikali lisilovaliwa na tai, akafurahi kama mtu aliyepata hesabu sahihi. "Mwavita alitoka mumoja, akarudi mumoja. Karatasi haina kosa. Sasa weye ambaye hukutoka, njo nani?"

Akarudi nyumbani, na alipokaribia uani akasikia mchi ukitwanga, polepole, kwa mwendo wake yeye, kishindo kimoja kizito na kimoja chepesi kama mama yake alivyomfundisha, na juu ya mchi sauti ya mwanamke ikisimulia boti zilizofungwa mbele ya milango ya watu, na vigae vyeupe vyenye michoro ya buluu, na Hamadi akicheka, akicheka hasa, kicheko cha kijana, na Mwavita akagundua kwamba uoga wake wote ulikuwa mdogo kuliko wivu wake, maana alichotaka kujua kwanza si kama yule ni jini, bali ni nini alichomwambia hata acheke vile. Alipoingia, kinu kilikuwa peke yake. Mchi ulikuwa umelowa.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Maalim Zuberi akaja na ubani. Hamadi alikuwa amekwisha elezwa kila kitu.

"Mimi siwezi kumutosha jini humu nyumbani," Maalim alinong'ona. "Alikuja na mwenye nyumba, mwenye nyumba njo atamuaga. Hamadi, utasema maneno haya tu: *Mgeni, asante, nenda.* Yule utakayemwambia ataondoka. Usikosee."

Mwavita alikaa kwenye mkeka mbele ya mumewe. Nyuma ya pazia la chumbani kitu kilidondoka: tone, tone.

Hamadi akamgeukia mkewe.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Juu ya mnara, upepo ulipokuwa mukali, uliniambia neno. Ulisema nini?"

"Baba, sikuwa huko! Mimi njo nilikupikia miaka tisa, mimi njo nilikuuguza. Niulize ya hapa!"

"Ya hapa nayajua."

Pazia likatikisika. Sauti ya Mwavita, tamu, isiyo na haraka, ikasema: "Nilisema, tusishuke."

Macho ya Hamadi yakajaa machozi. Maalim akamshika bega, akafungua mdomo, akachelewa.

"Mgeni," Hamadi alisema, akimwangalia Mwavita usoni, kwa adabu zote, "asante. Nenda."

Miguu ya Mwavita ikasimama yenyewe. Ikampitisha kizingiti, ikampitisha uani kando ya kinu, ikamfikisha barabarani penye jua kali. Alipiga kelele, jirani aliyekuwa akianika mpunga alijikuna sikio tu. Ndani ya nyumba mtu alimwita Mwavita, na mtu akaitika.

Mwavita akatazama chini. Kutoka mlangoni hadi alipokuwa, juu ya vumbi la kiangazi, nyayo zake zilikuwa za maji.