Matundu Ishirini

Kwaru, kwaru, kwaru. Giza lilikuwa bado zito, lakini sauti hiyo ilishaanza uani: mama alikuwa anasugua kucha zake kwa brashi ya kufulia. Ndani, binti yake alijifunika shuka gubigubi. Alijua kinachofuata. Mama ataingia, atamkatia mkate kwa mikono ile ile, na mkate utanuka dawa.

Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Mjomba wake alimwita Kipua, kwa kuwa pua yake ilikunjwa na kila kitu: soksi, maziwa yaliyolala, kwapa za watu wazima. Ila hakuna kilichomchefua kama kazi ya mama. Mama alikuwa fundi wa kung'arisha rimu za magari, katika banda lililoegemea ukuta wa nyumba yao, akisaidiwa na mdogo wake, yaani huyo mjomba.

Rimu za alumini huletwa zikiwa zimevaa vanishi iliyochakaa. Ukizing'arisha hivyo hivyo, unasugua vanishi tu, alumini hujaigusa. Kwa hiyo mama huvaa barakoa na glavu ndefu, akazipaka dawa ya kubandua rangi. Baada ya dakika chache vanishi huvimba, ikajikunja, ikachubuka kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Mjomba huikwangua kwa kipande cha mbao, maana chuma hukwaruza alumini, kisha huzisuuza rimu kwa mpira wa maji. Hapo ndipo zamu ya Kipua hufika. Mama hakumruhusu kabisa kugusa dawa yenyewe. Kazi yake ilikuwa kuvaa glavu na kusugua matundu ya nati kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Kila rimu ina matundu matano, na ndani yake hubaki ute wa kijivu, mzito, unaovutika kama kamasi.

Jumamosi moja dereva wa teksi alileta rimu zake nne. Kipua akasugua matundu matano ya rimu ya kwanza, huku akipumulia mdomoni. Alipouchomoa mswaki kwenye tundu la mwisho, utando wa ute uliufuata, ukakatika, ukamwangukia juu ya glavu. Ulikuwa na uvuguvugu wa jua, kama kitu kilichotemwa sasa hivi. Akautupa mswaki ndani ya ndoo.

Rimu tatu zilizobaki alizifuta juu juu kwa kitambaa. Midomo ya matundu ikapendeza. Ndani hakuchungulia.

"Matundu yote ishirini umesugua, mwanangu?" mama aliuliza.

"Nimesugua, mama."

Mama akapiga msasa, mkali kwanza, kisha laini, akang'arisha, akapuliza vanishi mpya. Rimu zikawa kama vioo. Dereva alijitazama humo, akajichana nywele.

Siku ya tisa alirudi. Hakujichana.

"Fundi, njoo uone ndui hii," alisema.

Mama alichuchumaa kando ya teksi. Katika rimu tatu, vanishi ilikuwa imeota malengelenge kuzunguka kila tundu. Alibonyeza moja kwa ukucha. Likapasuka, na majimaji ya kijivu yakachuruzika.

"Hii ni dawa iliyobaki ndani," mama alisema polepole, kisha akamgeukia mdogo wake. "Wewe ndiye unayesuuza."

"Dada, nilisuuza mpaka viatu vikalowa."

"Ulisuuza kwa macho. Mara ya pili hii mwaka huu. Nimechoka kukubeba, mdogo wangu. Vua aproni, katafute kazi nyingine."

Mjomba alivua aproni, akaikunja vizuri kama shati la kwenda nalo mjini, akaiweka juu ya kigoda.

Kipua alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Macho yake yalikwenda kwenye rimu ya nne, iliyong'aa bila doa. Aliijua: ndiyo ile ya kwanza aliyoisugua. Chai ikawa chungu mdomoni. Kinyaa kilimshika tena, lakini safari hii hakikutoka kwenye ndoo wala kwenye matundu. Kilitoka ndani yake mwenyewe, na hakuna glavu ya kukizuia.

"Mama, Mjomba asiondoke," alisema. "Nilisugua ile moja tu. Hizi tatu nilizifuta juu. Nilikudanganya."

Dereva alikohoa, akageuka kutazama barabara. Mama aliichukua ile aproni, akaikunjua, akamfunga mdogo wake kiunoni kwa mikono yake.

"Nisamehe. Nimekuhukumu kabla sijauliza."

"Nimekusamehe, dada. Ila umefunga kamba kama unafunga mbuzi."

Dereva alikubali kuziacha rimu tatu hadi kesho yake. Kabla kazi haijaanza upya, mama alimketisha binti yake kwenye kigoda.

"Unadhani mimi sichukii ute ule? Siku yangu ya kwanza nilitapika ndani ya ndoo. Mpaka leo huamka kabla ya watu wengine, nikajisugua kucha, ili usinuse harufu yake kwenye mkate wako."

Kipua aliinamisha kichwa. Hilo hakulijua.

"Kuona kinyaa si kosa, mwanangu. Ukishindwa, sema umeshindwa, tutasaidiana. Lakini ukificha uchafu na kupaka vanishi juu yake, utavimba tu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na leo kilio hicho kilitaka kumwangukia asiye na kosa."

Mchana ule walibandua, wakakwangua, wakasuuza. Kipua alivaa glavu na kuanza. Tundu la kwanza. La tano. La tisa. Ute ulivutika, akafumba macho, akasugua. Alipofika la kumi na tatu, kabla hajaligusa, akaweka mswaki chini.

Mama, msasa mkononi, aliuliza bila kugeuka, "Yote kumi na tano tayari?"

Midomo ya matundu ilikuwa safi. Hakuna ambaye angejua.

"Mama, bado matundu matatu."