Kivuli Upande wa Kulia

Kila siku akitoka shule pale Mtinko, Alute anavua sare, anakula kiporo cha ugali, halafu anashika fimbo kupiga vichwa vya alizeti vitoe mbegu, pamoja na bibi yake, Febronia. Yuko darasa la sita. Miwani yake ni minene kama kitako cha chupa, na bila hiyo hajui ng'ombe yupi dume yupi jike.

"Mume wangu, piga kwa nguvu! Umeshazeeka?" bibi alimtania. Alimwita mume kwa sababu amebeba jina la marehemu babu yake.

Siku hiyo Alute hakucheka. Tangu juzi vitu vyeusi kama masizi vilikuwa vinaelea kwenye jicho lake la kulia. Ukaja mwanga wa kumetameta kama radi, hata akifumba. Sasa kivuli kilikuwa kinapanda kutoka pembeni. Akigeuka kukitazama, nacho kinageuka.

Babu alikufa kipofu. Kijijini walisema alishikwa na kivuli. Alute akajua babu amemrudia mwenye jina lake. Na marehemu ukimtaja, umemkaribisha. Akanyamaza.

Lakini fimbo ilikosa alizeti, ikampata bibi kidoleni.

"We! Unaniua?"

"Nisamehe bibi, sikuona."

"Hukuona mkono mzima?"

Alute akaangua kilio. "Bibi, babu yuko hapa! Amesimama upande huu, ananifunika!"

Bibi aliacha kupuliza kidole. "Kinapanda kama pazia? Ulianza na masizi?"

"Umejuaje?"

"Babu yako alisema hivyo hivyo. Tukamtafutia mganga, tukangoja mavuno yaishe. Jicho likaenda, na la pili likafuata. Inuka! Twende kwa mama yako."

Hospitali ya kwanza iliwapa rufaa hadi Dodoma, mama na bibi wakampeleka. Daktari Rebeka alimulika jicho. Hakupamba maneno.

"Hapa hakuna babu. Jicho la asiyeona mbali kiasi hiki huwa refu. Ngozi ya ndani, retina, inavutika, inachanika, inabanduka kama rangi ukutani. Tena hali hii hutembea kwenye ukoo."

"Atapona?" mama yake, Anastazia, aliuliza.

"Siahidi. Macho haya ni magumu kutibu, ngozi yake nyembamba. Lakini katikati bado imeshika. Ikibanduka na hapo, hata nikiirudisha, hataona vizuri kama zamani. Tunapasua sasa. Nitaweka gesi ndani iikandamize retina. Wewe Alute, kazi yako ni kulala kifudifudi. Ukigeuka chali, gesi inahama, tunaharibu wote."

Baada ya upasuaji, Alute alilala uso chini, jicho limefungwa. Akasikia pumzi nzito kisogoni. Miguu ikajiburuta sakafuni, polepole, kama ya kipofu. Shingo ilimuuma kama moto. Alitamani kugeuka amwone.

"Babu," alinong'ona, "kama ni wewe, kaa tu. Mimi sigeuki."

"Ni mimi," bibi akajibu. "Kaa hivyo hivyo."

Wiki kadhaa baadaye gesi ilipoisha yenyewe jichoni, kivuli hakikuwepo. Daktari alimpima tena, akaamuru jicho la pili nalo liangaliwe kila mara.

Nje ya hospitali bibi alimshika bega.

"Babu yako hakupofushwa na kivuli. Alipofushwa na kungoja kwetu. Mwili wako ukikuonyesha jambo geni, liseme siku hiyo hiyo. Usisubiri woga uishe, mjukuu wangu. Sema huku unaogopa."