Mbegu za Kuzima Woga

Kila asubuhi Florentine alichota maji ziwani, akawasha mbabula, jiko lao la makaa, akamenya mihogo. Mwaka ule wa vita, 1999, watu wa mji wa Baraka walikuwa na kazi nyingine tena: kusikiliza bunduki zinalia upande gani.

Kaka yake, Lionel, alichoka kuogopa. Tangu baba yao auawe, alikuwa akisikia mlio tu anajikojolea, na wenzake wanamcheka. Asubuhi moja rafiki yake Useni akamletea mbegu za mmea wa majalalani, ule wenye matunda ya miiba. Ati wapiganaji wanazitafuna, hawaogopi tena! Wakazila wote wawili mbele ya Florentine.

"We, usiambie mama," Lionel alimwonya dada yake. Naye akanyamaza, maskini.

Kabla ya adhuhuri Lionel alikuwa anaokota hewani vitu visivyokuwepo. Mwili ulimwaka moto, mdomo umekauka, na alizungumza na marehemu baba yake. Majirani wakasema ametupiwa mashetani. Mama akaleta mafuta ya mawese, ambayo kwao ni dawa ya kila sumu na kila uchawi, akaanza kumnywesha kwa nguvu. Lionel akapaliwa, macho yakamtoka.

"Mama, acha! Alikula mbegu! Yeye na Useni!" Florentine alipiga kelele.

Muuguzi Jacques aliitwa, akafika mikono mitupu, kwa maana kituo chake cha afya kilikuwa kimeporwa.

"Mawese hapana! Itaingia kwenye mapafu. Mumulaze ubavu, kwenye kivuli, mumushike asitoke. Na Useni, iko wapi?"

Watu walikimbia nyumbani kwa akina Useni. Mama yake na majirani walikuwa wamefumba macho wakimwombea atokwe na mashetani, kumbe Useni mwenyewe alikuwa ametoka zamani. Wavuvi walimkuta ziwani, amekufa maji.

Lionel alipona. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Risasi bado ninazisikia."

Kwenye matanga ya Useni, Jacques alisema kwa uchungu, "Bamama, mutoto akiona visivyoonekana, mumuulize kwanza amekula nini, halafu mumulete kwangu. Na ninyi batoto, mbegu ile haiondoi woga, inaondoa akili. Mwenzenu akila sumu, museme palepale, hata kama mutachapwa."

Mama Useni aliinua kichwa. "Florentine, mwanangu, we ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, mama."

Mama Useni hakumfokea. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa. Afadhali angemfokea.