Jalala la Pumzi

Jumanne, saa nne asubuhi, Chiriku alikuta kitufe kimoja cha kinanda kimelowa. Hayakuwa maji. Alipoinua kidole, uzi mwembamba ulinyooka kati ya kidole na kitufe, ukalegea, ukakatika, ukamlalia kwenye kifundo cha mkono. Ulikuwa vuguvugu.

“Nani amepigia chafya hapa?” aliuliza.

Kaka yake, ambaye kila mtu alimwita Mdundo kwa kuwa alikuwa akigonga madawati tangu shuleni, hakuinua macho. “Muulize Waya. Yeye ndiye anayelala na hicho kinanda.”

“Mimi nalala na mke wangu,” Waya alisema kutoka chini ya meza, alikokuwa akiunganisha nyaya. “Na yeye hana mate mengi hivyo.”

Wakacheka. Chiriku alijifuta kwenye suruali, akanusa kidole, na kicheko kikamwishia. Kilinuka kinywa cha mtu aliyeamka na homa.

Watatu hao walikuwa wamepiga muziki pamoja kwa miaka kumi na tisa, na kuendesha lebo yao ya kutoa nyimbo kwa miaka kumi na miwili, katika chumba cha nyuma cha nyumba aliyowaachia mama yao Mdundo na Chiriku. Walitoa pop ya sinthesaiza, ile ya vinanda vya umeme, nyimbo nyororo zenye ubaridi, na mashabiki wao wachache waliwapendea jambo moja: usafi wa sauti. Huo ulikuwa mkono wa Waya. Mwimbaji akishamaliza kurekodi, Waya alikaa siku mbili akikata kila pumzi, kila kumeza mate, kila mlio wa ulimi kubanduka kwenye kaakaa, mpaka yabaki maneno matupu. Lakini vipande hivyo hakuvitupa. Waya hakuwahi kutupa kitu chochote. Aliviweka katika faili moja aliyoiita Jalala.

Mwezi ule, kwa ajili ya albamu ya kuadhimisha miaka kumi na miwili, Mdundo alitoa wazo la kulipakia Jalala lote kwenye kinanda, kila kitufe na kipande chake. Siku hiyo walicheka mpaka machozi. Ukibonyeza huku, Waya anavuta kamasi. Ukibonyeza kule, Mdundo anameza. Kitufe cha mwisho kushoto walimpa Mama, aliyeitikia katika wimbo wao wa kwanza na kufariki miaka mitatu baadaye. Kilikuwa kikohozi kidogo, kisha ulimi ukialika kwenye kaakaa, kama alivyozoea kufanya kabla ya kusema neno. Katika ule wimbo Waya alikuwa amemsafisha, akabaki maneno tu, kama mtu yeyote. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kitufe. Chiriku alikibonyeza mara nyingi kuliko vingine vyote.

Jumatano aliamka kinywa kimekauka. Alhamisi asubuhi alitafuna mkate, akautafuna tena, na koo likakataa kuupokea. Akautema kwenye kitambaa cha karatasi, akakitupa kwenye ndoo ya jikoni.

“Jumamosi tunarekodi,” Mdundo alimwambia. “Kunywa kitu cha moto.”

“Siwezi kumeza, kaka,” alisema. Sauti ilikwaruza kama mlango uliovimba. “Sina hata mate.”

Wakati huo huo kinanda kilizidi kulowa. Vitufe viliteleza. Utelezi ulishuka kwenye miguu ya meza, ukakusanya vumbi na nywele, ukakauka na kuwa gamba la manjano, na harufu ilijaa chumba hadi Waya akawa anafanya kazi na pamba puani.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Waya alichukua bisibisi akakifungua. Mdundo alishika taa ya mkononi. Chini ya vitufe palitandaa utando mweupe, kama ule wa kwenye ulimi asubuhi. Katikati yake palikuwa na bonge la mkate uliotafunwa, na kipande cha kitambaa cha karatasi bado kimeshikamana nalo.

“Huu si ule wa jana?” Mdundo alinong’ona.

Waya aligusa utando kwa ncha ya bisibisi, na ule utando, ambao walitarajia ungechanika kama utando wa maziwa, ulijikunja, ukarudi nyuma ukiwa umevimba vipele vyekundu vidogo vidogo, kisha ukanyooka polepole na kuanza kuilamba bisibisi kuanzia nchani hadi kwenye mpini, hadi kwenye kidole chake, ukikawia pale penye jeraha dogo la waya kana kwamba unaonja. Waya alitapika papo hapo, juu ya viatu vyake.

Shangazi yake Waya, mkunga mstaafu ambaye siku hizi hutoa majini, alifika saa kumi na mkoba wake begani. Hakuketi. Aliomba beseni la maji ya chumvi, akawasikiliza mpaka mwisho.

“Miaka kumi na miwili mnakusanya vinywa vya watu na kuviacha bila mwenyewe,” alisema kwa sauti ya chini. “Jini hana kinywa, wanangu. Amepita akakuta kimoja kikubwa, kiko wazi.”

“Sasa anataka nini?” Mdundo aliuliza.

“Kinywa amepata. Anataka koo.” Akamtazama Chiriku.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Kila mtu afute vipande vyake kwa mkono wake, kwenye kinanda na kwenye kompyuta, na kwa kila kipande ateme mate kwenye beseni. Waya alifuta huku akilia kama anayezika. Mdundo akafuta. Chiriku, asiye na mate, alitema hewa kavu tu. Maji yakawa mazito. Kikabaki kitufe cha mwisho kushoto.

“Hicho niachieni,” Chiriku alisema.

“Mama yako hayumo humo, binti,” Shangazi alisema. “Kilichomo kimevaa pumzi yake.”

“Ndiyo iliyobaki.”

“Ukiiacha, hutaimba tena. Na baada ya kuimba, hutakula tena.”

Chiriku aliomba aachwe peke yake amuage. Walitoka, wakasimama ukumbini, na Mdundo, aliyeweka sikio mlangoni, alisikia kikohozi kidogo cha mama yake na ulimi ukialika, kisha tena, kisha kimya, kisha kitu kama mtu anayelamba sahani bila haraka, kutoka upande mmoja hadi mwingine, akirudi na kurudia asiache hata tone, na mwishoni mmezo mmoja mrefu, mzito, ulioshuka na kushuka kupita pale ambapo koo la mtu lingekuwa limeishia.

Mlango ulifunguliwa. “Tayari,” Chiriku alisema, kwa sauti safi.

Kinanda kilikuwa kikavu. Harufu imekwisha. Shangazi alimwambia afungue mdomo, akachungulia. Ulimi ulikuwa mwekundu, umelowa vizuri. Hata hivyo alinawa mikono mara tatu kabla ya kuondoka.

Walirekodi wimbo wa albamu Jumamosi. Mashabiki waliusifu ule wimbo, wakasema Chiriku hajawahi kuimba hivyo.

Wiki tatu baadaye, kaka na dada walikuwa mezani, mchana. Chiriku alitafuna, akameza. Koo lilishuka, likatulia. Kisha, midomo imefungwa, kikatoka ndani yake kikohozi kidogo na ulimi ukialika.

Mdundo aliweka kijiko chini. “Uliifuta ile?”

“Kwenye kinanda haimo.”

“Nimekuuliza kama uliifuta.”

Chiriku alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Uzi mwembamba ulinyooka, ukalegea, ukakatika.

“Ningemwacha wapi, kaka?”

Akavuta sahani karibu, akafungua mdomo kupokea tonge. Na nyuma ya ulimi wake Mdundo aliona mwingine, mweupe, umeinua ncha, unasubiri zamu yake.