Abiria wa Behewa la Nyuma

Kengele ya kuomba kushuka ililia, na tramu ilikuwa tupu.

Gudrun Pohlmann alitazama kioo cha juu. Viti vitupu mpaka behewa la nyuma. Ilikuwa jioni ya Desemba, kiza kimeshatanda, theluji inaanguka, na tramu namba nne imesimama Erlengrund, kituo cha mwisho. Hapo, na karakanani pia, dreva hutakiwa kupita mabehewa yote kwa miguu, amwamshe aliyelala, aokote miavuli iliyosahauliwa. Gudrun hakuinuka. Behewa la nyuma lilikuwa limemshinda tangu mwezi uliopita.

Usiku mmoja wa mwezi huo alikuwa na hamu ya kuwahi nyumbani. Aliiingiza tramu karakanani, akazima taa na vipasha joto, akaondoka bila kupita nyuma. Asubuhi mzee Ottokar Siebert alikutwa kiti cha mwisho, ameketi wima, amekufa kwa baridi. Gudrun alipoulizwa alijibu, "Nilipita. Hapakuwa na mtu." Ikaamuliwa kwamba mzee alijipenyeza langoni usiku, na mlinzi wa lango, Emre Kaplan, akafukuzwa kazi. Emre ana watoto wawili. Gudrun aliwahi kuwaletea keki, na sasa akiwakumbuka anaona haya hata akiwa peke yake.

Juzi alimnong'oneza Detlef, dreva mwenzake, "Ile gari inanuka sufu iliyolowa na dawa ya kifua."

"Dada, Desemba abiria wote wananuka hivyo."

"Na kengele inayolia yenyewe?"

"Waya hizo." Detlef akamkazia macho. "Au una lako jambo na yule mzee?"

"Sina."

Watu wa mji huu hawaamini majini, wanaamini ratiba. Detlef alitazama saa akaenda zake.

Sasa kengele ililia tena, na nyuma mtu akakohoa, kikohozi kizito cha mzee, kisha hatua zikaanza kuburuzika kati ya viti, taratibu, zikisimama kila penye nguzo kama mtu anayetafuta pa kushika, na harufu ya sufu iliyolowa ikatangulia mbele yake, ikajaa chumba cha dreva mpaka Gudrun akaziba pua kwa kiganja, akijua kabisa kwamba kwenye kioo hapaonekani mtu.

"Mzee," alinong'ona, "tumefika mwisho. Tafadhali shuka. Nisamehe."

Hatua zikakoma nyuma ya mlango wake.

"Na Emre?" sauti ikauliza.

Gudrun alinyakua redio. "Ofisi, hapa namba nne. Usiku aliokufa mzee Siebert sikupita nyuma. Nilidanganya. Emre hana kosa, mrudisheni kazini."

Mlango wa abiria ulifunguka, ukafungwa. Harufu ikaisha. Gudrun alilia kwa nafuu aliyoipata.

"Namba nne, rudia," redio ilikwaruza. "Theluji hii, hatujasikia kitu."

Alibonyeza kitufe. Akafikiria pensheni yake, polisi, na macho ya Detlef atakapoingia chumba cha madreva. Watoto wa Emre nao aliwafikiria, lakini kwa muda mfupi zaidi.

"Si kitu," alisema. "Naondoka kwa wakati."

Akanyoosha mkono kushika mpini wa mwendo. Mkono mwingine, wa baridi, ulikuwa umeshaushika.